Hita Inaponuka, Uliza Kwanza Lini

Oktoba ikifika katika miji kama Minneapolis, Columbus na Winnipeg, kuna usiku mmoja wa baridi kali ambapo thamostati huwashwa karibu nyumba zote kwa pamoja, na kesho yake simu za mafundi haziishi kulia. Hita zilizolala tangu Aprili zimeamka, na zimeamka na harufu. Kwa aliyezaliwa huko, harufu hiyo ni sehemu ya majira, kama majani yanayopukutika. Kwa familia iliyotua majuzi kutoka Bukavu, Kigoma au Kisii, ambayo haijapata kuishi juu ya moto uliofichwa ndani ya sanduku la bati, ni fumbo. Je, nyumba inaungua? Watoto watolewe nje? Au ndivyo mambo yalivyo katika nchi za watu?

Swali ambalo wengi huanza nalo ni: inanuka nini? Si swali baya, lakini majibu yake hayaaminiki sana. Watu watatu wakisimama mbele ya tundu moja la hewa, wa kwanza atasema plastiki, wa pili gesi, wa tatu soksi. Naona swali lenye faida zaidi ni lini. Inanuka hita ikiwa imezimwa? Inapowaka tu kisha harufu ikapotea? Feni inapoanza kupuliza? Au baada ya saa nzima ya kazi? Hita ni mashine yenye ratiba, na kila hatua ya ratiba hiyo huamsha kitu tofauti. Ukijua saa ya harufu, umeshakaribia kujua chanzo chake.

Basi tuitazame mashine yenyewe. Hita ya kawaida ya gesi hukaa besimenti, au kwenye kabati la ukutani, wakati mwingine darini. Ndani yake mna hewa za aina mbili ambazo hazipaswi kukutana. Ya kwanza ni hewa chafu ya moto, ile inayotokana na gesi kuungua. Hiyo hupita ndani ya mabomba au vyumba vyembamba vya chuma, vinavyoitwa kibadilishi joto, kisha hutolewa nje ya nyumba kwa bomba la moshi. Ya pili ni hewa ya nyumba, mnayoivuta. Hiyo hupita upande wa nje wa chuma hicho hicho, hupata joto bila kugusa moto, husukumwa na feni kubwa kwenda vyumbani kupitia njia za bati, halafu huvutwa kurudi kupitia filta ili ipashwe tena. Usalama wote wa nyumba unategemea ukuta huo mwembamba wa chuma kubaki mzima na bomba la moshi kubaki wazi.

Thamostati ikiomba joto, kwanza huanza kafeni kadogo kanakovuta hewa ndani ya kibadilishi joto na kuisukuma nje. Kisha kiwashio hung'aa kwa wekundu, valvu ya gesi hufunguka, na vichomeo hushika moto. Feni kubwa haianzi papo hapo. Husubiri kiasi cha nusu dakika hadi dakika, ili chuma kipate moto kwanza na msipulizwe baridi. Thamostati ikitosheka moto huzimwa, na feni huendelea kidogo kumalizia joto lililobaki. Huo ndio mzunguko wote, na hurudiwa mara nyingi mchana na usiku.

Kabla hatujaishtaki hita, tuitendee haki kwa jambo moja. Kwa kuwa feni yake huvuta hewa ya nyumba nzima na kuirudisha nyumba nzima, husafirisha harufu zisizo zake. Dagaa waliokaangwa jikoni wataingia chumba cha wageni ghorofani. Mtoto akiangusha kalamu ya rangi ya nta kwenye tundu la sakafuni, nyumba itanuka mshumaa kila hewa ya moto ikipita, na fundi atakuja, atafungua bati la juu la tundu na kutoa kalamu kwa vidole viwili. Panya akifia ndani ya njia ya hewa, hakuna haja ya kueleza. Harufu inayotoka chumba kimoja tu, huku vingine viko safi, mara nyingi ina chanzo karibu na tundu la chumba hicho, si kwenye hita.

Sasa turudi kwenye usiku ule wa Oktoba. Harufu ya siku ya kwanza karibu kila mara ni vumbi. Miezi yote ya kiangazi nyuzi za zulia, chembe za ngozi na manyoya ya paka hutua juu ya chuma kilichopoa, na moto ukiwashwa vyote huungua kwa pamoja. Harufu yake ni kavu, kama ya pasi iliyokaa kabatini muda mrefu. Huja mara tu feni kubwa inapoanza, huwa kali katika mizunguko ya kwanza, kisha hufifia kwa saa chache. Inaweza hata kukiamsha king'ora cha moshi. Fungua dirisha, vumilia. Hita mpya kabisa nayo hunuka siku yake ya kwanza, kwa sababu chuma chake hupakwa mafuta kiwandani na mafuta hayo hayana budi kuungua. Lakini harufu ya vumbi ikifika siku ya pili au ya tatu haijaondoka, kaitazame filta. Filta nyembamba za karatasi zinatakiwa kubadilishwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, na nyumba nyingi za kupanga zina filta ambayo hakuna anayekumbuka iliwekwa lini. Filta iliyoziba huinyima hita hewa, chuma hupata moto kupita kiasi, swichi ya usalama huzima vichomeo kabla ya wakati, na mwenye nyumba hubaki akishangaa mbona bili imepanda na nyumba bado ina baridi.

Harufu ya ukungu, ile ya nguo zilizoanikwa zikanyeshewa, nayo hufuata feni. Ikija hata feni ikipuliza bila moto, chanzo ni unyevu: filta iliyolowa, mashine ya kuongeza unyevu iliyofungwa kwenye hita, au koili ya kiyoyozi ambayo kwa kawaida hukaa ndani ya sanduku hilo hilo. Si hatari ya usiku mmoja, ingawa mwenye pumu atailipia.

Gesi ni habari nyingine, na hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu harufu ya gesi si ya gesi. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, na methani haina harufu yoyote. Kinachonuka kama yai viza au kabichi iliyooza ni kemikali za jamii ya merkaptani, zinazochanganywa makusudi kwa kiasi kidogo mno. Pua ya binadamu hunusa vitu hivi hata vikiwa sehemu chache tu katika bilioni ya hewa. Ni jamii ile ile ya kemikali inayotiwa kwenye mtungi wa gesi ya kupikia Dar es Salaam au Nairobi, kwa hiyo pua iliyofunzwa jikoni Temeke inaitambua gesi ya Minnesota bila tafsiri.

Desturi hiyo ya kuitia gesi harufu ililipiwa kwa damu. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji mdogo wa New London, mashariki mwa Texas, shule moja iliyojengwa kwa fedha za visima vya mafuta ililipuka muda mfupi kabla wanafunzi hawajaachiwa kwenda nyumbani. Uongozi wa shule, ili kupunguza gharama, ulikuwa umeacha kununua gesi na kuunganisha bomba kwenye gesi ya mabaki kutoka visima vya jirani, gesi ambayo wenye viwanda waliiona haina thamani. Ilivuja ikajaa chini ya sakafu. Haikunuka, hivyo hakuna aliyejua. Cheche ya mashine ya umeme katika karakana ya shule ilitosha. Walikufa watu wapatao 300, wengi wao watoto. Ndani ya majuma machache bunge la Texas lilipitisha sheria ya kuitia gesi harufu, na utaratibu huo ukaenea.

Leo sheria ya shirikisho la Marekani inataka gesi ya majumbani inuke kiasi cha mtu mwenye pua ya kawaida kuitambua ikiwa imefikia moja ya tano ya kiwango cha chini kinachoweza kuwaka. Gesi asilia huweza kulipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Maana yake pua inapaswa kuonya ikifika asilimia 1. Umepewa nafasi ya kutosha kutoka nje, na ndiyo sababu harufu hiyo ikawekwa.

Hapa mazoea ya nyumbani huweza kumponza mtu. Aliyekulia na mtungi anajua kwamba gesi ikinuka unafunga mtungi, unafungua madirisha, basi. Mtungi uko mbele yake na kifungio chake kiko mkononi. Gesi ya bomba haina mwisho, na uvujaji unaweza kuwa ukutani au chini ya ardhi nje ya nyumba. Kwa hiyo harufu kali ya gesi, inayokuwapo muda wote bila kujali hita iko hatua gani, haina uchunguzi. Usiwashe taa wala kuizima. Usichomoe kitu kwenye soketi, usipige simu ukiwa ndani, usiwashe gari lililo gereji. Toa watu nje, sogea mbali, ndipo upige namba ya dharura ya kampuni ya gesi au 911. Kampuni hutuma mtu saa yoyote, na kwa kawaida kuja kwake kukagua uvujaji hakulipiwi. Vijijini ambako hita hutumia propani ya tangi, kumbuka kuwa propani ni nzito kuliko hewa na hutuama chini besimenti, tofauti na methani ambayo hupanda.

Kuna harufu ya gesi ya aina nyingine, ile inayokuja kwa kufumba na kufumbua wakati vichomeo vinashika, kisha ikapotea. Nusu pumzi tu, mara moja moja, katika hita ya zamani, si ajabu. Lakini ikiwa kila ikiwaka unainusa, au unasikia mshindo mdogo kabla ya moto kutulia, basi gesi inakusanyika kabla ya kushika. Vichomeo vichafu au kiwashio kilichochoka ndivyo visababishi vya kawaida. Izime kwenye thamostati na umwite fundi. Mshindo mdogo wa leo haubaki mdogo.

Na kuna yai viza ambalo si gesi kabisa. Besimenti nyingi zina tundu la kutolea maji sakafuni, na chini yake kona ya bomba inayotakiwa kubaki na maji ili kuzuia hewa ya maji taka isipande. Majira ya baridi, hewa ya nyumba ikiwa kavu na hakuna anayemwaga maji pale, kona hukauka na harufu ya choo hupanda, kisha hita inaisambaza kwa ukarimu. Dawa ni ndoo moja ya maji. Naomba tu mpangilio usigeuzwe: mtu asianze kumwaga maji besimenti kwa kudhani, halafu ikawa ni gesi. Ukiwa na shaka, iwe gesi mpaka mwenye kipimo aseme siyo.

Harufu ya umeme huja na wakati wake pia. Ni harufu ya plastiki inayoyeyuka, au waya ulioungua, na wakati mwingine ya samaki mahali ambapo hakuna aliyepika samaki, kwa kuwa plastiki fulani za vifaa vya umeme hunuka hivyo zikizidiwa na joto. Ikija baada ya feni kufanya kazi kwa muda, shuku mota ya feni: beringi zimekauka, au koili zake zinapata moto. Ubavuni mwa hita au ukutani karibu nayo huwa kuna swichi inayofanana kabisa na ya taa. Izime, kisha zima breka yake. Ukiona moshi, mambo ya swichi yaache, toka. Katika harufu zote hii ndiyo ambayo watu huizoea kwa hatari zaidi, kwa sababu hita huendelea kutoa joto huku ikinuka, na nani anataka kuzima joto nje kukiwa nyuzi 20 chini ya sifuri?

Waliohamia jimbo la Maine wana hita ya namna yake. Miji ya Portland na Lewiston imepokea Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi, na Maine ni jimbo ambalo mafuta ya kupashia nyumba bado yanatawala. Mafuta hayo ni ndugu wa dizeli, hutiwa rangi nyekundu kwa ajili ya kodi, na huwekwa kwenye tangi besimenti. Yakinuka kidogo siku ya kujazwa tangi, ni kawaida. Yakinuka siku zote, yanavuja au hayaungui vizuri. Hita ya mafuta ina kitufe chekundu cha kuiwasha upya inapogoma, na kitufe hicho kina kisa. Kila ukikibonyeza, pampu hupeleka mafuta kwenye chumba cha moto. Yasiposhika, hubaki pale. Mtu aliyeamka usiku kwa baridi akabonyeza mara nne, ya tano ikashika, huwasha mafuta ya mara zote kwa mkupuo, na masizi hutoka hadi kwenye mapazia ya sebuleni. Bonyeza mara moja tu. Ikigoma, piga simu.

Kitu kingine ambacho pua hueleza vibaya ni mvuke wa kemikali. Besimenti ni stoo ya kila kitu: rangi, dawa ya kuondoa rangi, jiki, sabuni za kufulia. Hita za zamani huvuta hewa ya kuchomea kutoka chumba hicho hicho. Mvuke wa rangi ukipita kwenye moto hutoka na harufu ya ajabu inayokaribia mafuta ya taa, na familia hutafuta mafuta yaliyomwagika bila kuyaona. Mbaya zaidi ni mvuke wenye klorini, maana ukiungua hugeuka asidi, na asidi hula chuma cha kibadilishi joto. Sogeza makopo mbali na hita hata kama hayanuki.

Tumefika kwenye lile ambalo haya yote yanalizunguka. Gesi inayoua watu wengi zaidi kuhusiana na hita haina harufu, na hakuna aliyeitia. Ni kaboni monoksaidi. Hutokea moto unapokosa hewa ya kutosha: bomba la moshi limezibwa na kiota cha ndege, theluji imefunika mabomba meupe ya plastiki yanayotokeza ukutani kwenye hita za kisasa, vichomeo vimejaa kutu, au kibadilishi joto kimepasuka na hewa ya feni inapenya na kuyumbisha moto. Ufa huo, kwa bahati, una saa yake: moto ulikuwa wa buluu na umetulia, feni kubwa ikaanza, ukacheza au ukageuka njano. Fundi mzuri husimama kutazama sekunde zile. Wakati mwingine moto mbaya hutoa pia harufu kali inayochoma macho na koo, ya vitu viitwavyo aldehaidi. Ukiinusa, shukuru na utoke. Ila usiisubiri, kwa kuwa si lazima ije.

Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Ndiyo maana kiasi kidogo, kwa muda mrefu, kinatosha. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, mambo ambayo Januari kila mtu anayaita mafua. Tofauti yake na mafua ni kwamba hakuna homa, nyumba nzima inaumwa kwa pamoja, na mtu akienda kazini anapata nafuu, akirudi inarudi. Tena ni swali la lini. Kila mwaka zaidi ya watu 400 hufa Marekani kwa sumu hii bila kukusudia, mbali na wanaokufa katika moto wa nyumba.

Nasisitiza hili kwa sababu pua zetu zimefunzwa somo baya juu yake. Tumekuzwa kuogopa moshi. Jiko la mkaa linawashiwa nje, linapepewa mpaka moshi uishe, na makaa yakishakuwa mekundu safi ndipo linaingizwa ndani. Kwa pua, hatari imekwisha. Kwa kweli makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayomwaga kaboni monoksaidi, na familia zilizolala na jiko hilo kwenye baridi ya Njombe au Limuru zimewahi kukutwa asubuhi hazina uhai. Somo hilo husafiri na watu. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme eneo la Seattle kwa siku kadhaa. Hita hata za gesi hazifanyi kazi bila umeme, maana feni na kiwashio vinauhitaji. Familia nyingi, zaidi za wahamiaji, ziliingiza majiko ya mkaa ndani. Mamia walitibiwa kwa sumu hiyo na baadhi yao wakafariki. Gazeti la Seattle Times lilichapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwamo.

Kwa gesi isiyonuka, kinachonusa ni king'ora, na ni vyema kujua kinavyofikiri. Kanuni zinazofuatwa Marekani hukitaka kilie ndani ya dakika 4 hadi 15 kaboni monoksaidi ikifika sehemu 400 katika milioni ya hewa, lakini ikiwa sehemu 70 kinaruhusiwa kusubiri saa 1 hadi 4. Kwa hiyo king'ora kilichonyamaza si cheti kwamba hewa ni safi. Kichwa kikikuuma kila ukiwa nyumbani, usibishane na mwili kwa kuwa king'ora kimenyamaza. Jifunze pia lugha yake: milio minne ya haraka, kimya, kisha minne tena, ni kaboni monoksaidi, na mnatoka nje. Mitatu mitatu ni moshi. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika ni betri imechoka au king'ora chenyewe kimezeeka. Minnesota kwa mfano, sheria inataka kiwe ndani ya futi 10, yaani mita 3 hivi, kutoka kila chumba cha kulala, na jukumu la kukiweka katika nyumba ya kupanga ni la mwenye nyumba.

Pua yenyewe nayo ina mipaka yake. Huchoka: ukikaa na harufu kwa muda, ubongo huifuta, na anayeishi ndani ndiye wa mwisho kuijua. Mafua huiziba, uzee huipunguza, na wako waliopoteza uwezo wa kunusa baada ya Uviko wasiurudishiwe wote. Mgeni njoo, mwenyeji apone: jirani akiingia akakunja uso na kuuliza mbona kunanuka, usimjibu kwamba ni jikoni. Tokeni naye nje dakika chache, mrudi, munuse upya. Na udi na ubani, tunavyovipenda hivyo, visitumike kufunika harufu ambayo haijajulikana. Chetezo kina kaa la moto, na harufu nzuri juu ya gesi inayovuja ni kujifunga kitambaa machoni.

Fundi akija, mweleze saa ya harufu kabla ya kumweleza jina lake: "Inakuja hita ikiwaka, inaisha feni ikianza," au "ipo hata ikizimwa." Maneno hayo yanampunguzia kazi kubwa. Akikuta hatari, anaweza kuifunga hita na kuitundikia kadi nyekundu. Kadi hiyo si adhabu wala deni, bali maana yake isiwashwe mpaka itengenezwe, na kwa mpangaji ni ushahidi mzuri wa kumpelekea mwenye nyumba kwa maandishi. Upande wa pili, wapo mafundi wanaoona ufa kwenye kila kibadilishi joto, kwa kuwa hita mpya ni maelfu ya dola. Muombe picha ya ufa huo na namba ya kaboni monoksaidi aliyoipima. Aliyeuona kweli hatasita kukuonyesha, na anayesita, tafuta wa pili kabla hujatia saini, huku hita ikiwa imezimwa.

Kabla ya baridi inayokuja, kivue king'ora chako ukutani ukigeuze usome nyuma tarehe ya kutengenezwa. Vingi huisha uwezo kati ya miaka 5 na 10, hata kama kitufe cha kujaribia bado kinalia. Na waambie wote nyumbani, hasa wazazi waliokuja karibuni: wakipiga 911 na Kiingereza kikawakwamia, waseme "Swahili" kisha wabaki kwenye simu. Vituo vingi vina huduma ya mkalimani kwa simu, na humuunganisha mpigaji wakati wazimamoto wakiwa wameshatumwa.